Kocha Kwenye Benchi

Kocha hakuwa kocha wa chochote. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya hospitali, na mpira wa miguu hakuujua hata kwa dawa. Lakini vijana walimwita hivyo, akacheka, akazoea, na mwisho ikawa mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake anachelewa kugeuka.

Klabu yenyewe ilikuwa ghala la saruji lililoachwa. Mwenye ghala alikubali litumike kila Jumamosi bila kodi, mradi paa lisivuje kuliko linavyovuja. Kocha akapata watu watatu wa kujitolea: mama wa duka la dawa, fundi cherehani mmoja na dereva mstaafu asiyeweza kukaa nyumbani na mkewe mchana kutwa. Walifagia Jumamosi tatu mfululizo, wakitoka humo kijivu kuanzia nywele hadi kope, wakakohoa mpaka majirani wakaanza kuwakwepa. Mabenchi aliyaunga Kocha kwa mabomba chakavu. Meza ya tenisi aliitilia wavu wa chuma, kwa hiyo kila mpira uliogusa wavu ulilia ting, na hakuna aliyeweza kubisha. Jumamosi ya kwanza walikuja vijana kumi na mmoja. Mwaka wa pili walikuwa sitini.

Kilichowaleta si tenisi. Mlangoni, kwa rangi iliyobaki kwenye kazi ya mageti, Kocha alikuwa ameandika kwa mkono wake: HAPA MKONO HAUINUKI. Aliwaeleza wazazi kwenye mkutano wa kwanza kwamba ndani ya ghala lile mtoto hapigwi, si na mwenzake, si na mlezi, si na mzazi aliyemfuata. Atakayeinua mkono ataketi kwenye benchi la mbele aulizwe maswali na kamati ya vijana wenyewe.

"Hata wewe?" mama mmoja akauliza.

"Mimi ndiye wa kwanza," akasema Kocha, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Aliyapenda makofi yale. Tusimwonee, maneno yale pia aliyaamini, kama mtu anavyoamini kwamba kesho ataanza kuamka mapema. Mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma siku hiyo, hakupiga makofi. Alikuwa amepakata mkoba wake na kuushika kwa mikono miwili.

Kofi la Kocha lilipigwa Jumamosi moja saa tisa alasiri, mbele ya vijana hamsini na kitu.

Ilikuwa siku ya maigizo. Mama wa duka la dawa aliwagawa vijana makundi manne, akawapa mada moja, "Nyumbani", na nusu saa ya kujiandaa. Kundi la tatu liliongozwa na Chiriku, binti wa Kocha, wa miaka kumi na tano. Chiriku alipewa jina hilo utotoni kwa sababu alikuwa akiamka anasema na kulala anasema. Siku hizi nyumbani neno alilitoa kwa kuombwa, ila jina lilikuwa limeshamganda.

Aliingia jukwaani akiwa baba, amevaa ovaroli na viatu vikubwa vya kazi. Upande wa pili walikuwepo mama mmoja, watoto wawili, na kijana mrefu aliyekuwa redio. Redio ilikuwa inaimba kwa mbwembwe, mikono kiunoni. Baba alipopangusa viatu mara tatu kwenye kizingiti na kukohoa, redio ikajizima katikati ya neno. Ukumbi ukaangua kicheko.

Baba akafunua sufuria.

"Hii ni nini?"

"Chakula, baba."

"Nimeuliza ni nini. Sijauliza kama kinaliwa."

Watu wakacheka tena. Kocha naye alicheka, tena kwa sauti, akimpiga dereva mstaafu begani. Hakuwa amejitambua bado. Ni ajabu, lakini mtu anaweza kukaa na sauti yake miaka arobaini na mitano asijue inavyosikika mezani.

Kisha simu ya baba ikalia. Chiriku akaiweka sikioni na uso wote ukabadilika, ukalainika, sauti ikawa asali. "Ndiyo, mwanangu. Niambie, nakusikiliza. Hapa kwetu maoni yako ni ya thamani." Hayo yalikuwa maneno ya Kocha, neno kwa neno. Kila kijana pale aliwahi kuambiwa hivyo, na wengine walitoka na machozi kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa hivyo na mtu mzima. Baba akakata simu, akamgeukia mtoto wa igizo: "Na wewe unatumbua macho nini?"

Ukumbi ulicheka hadi benchi moja likaanguka. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumtazama Kocha. Mama wa duka la dawa aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Hapo ndipo Kocha alipoelewa, na damu ikampanda usoni.

Jukwaani, Chiriku akainua mkono. Wale watoto wawili wa igizo wakajikunyata kwa pamoja, wakaficha vichwa kwapani, kama walivyoelekezwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kocha aliyavuka mabenchi mawili akamfikia. Kofi lilisikika hadi nje, kwa sababu ghala tupu halifichi kitu. Yule kijana mrefu, kwa kuchanganyikiwa, akaanza tena kuimba, akaimba mstari mzima kabla ya kuzibwa mdomo na mwenzake. Chiriku hakulia. Alivua ovaroli, akavua vile viatu vya baba yake, akaondoka na soksi.

Mkewe Kocha alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi alikuwa akipokea shuka za wagonjwa, kuzitenganisha na kuziingiza kwenye mashine, na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Habari zilimfikia kazini kabla hajavua aproni. Muuguzi mmoja, ambaye mwanawe huenda klabu, alimletea shuka na maneno kwa pamoja.

"Pole, dada. Nimesikia ya huko."

"Ya wapi?"

"Aa, basi. Nilidhani umeambiwa."

Nyumbani alimkuta Chiriku anaosha vyombo, shavu limevimba, na Kocha ameketi mlangoni anatazama barabara kana kwamba anasubiri mgeni. Mama mtu alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachovya kitambaa, akamkanda mwanawe shavu bila kuuliza kitu. Hakuuliza kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Jumapili akaja dada yake Kocha, na wifi huyu hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Eti watoto watakuita kikao?" alianza kabla hajaketi. "Tangu lini mzazi akahojiwa na watoto? Ukikaa kwenye benchi lile, jua ukoo mzima umekaa. Marehemu baba alitupiga sote, nani alimwita kwenye kamati?"

"Dada, hata sijaitwa bado."

"Na huyu naye," akamgeukia Chiriku, "mtoto mzima unamvua nguo baba yako hadharani! Huna haya?"

"Nisamehe, shangazi," akasema Chiriku, na akaenda kumletea maji ya kunywa.

Barua ya kuitwa ilimfikia Kocha Jumatano, kazini. Aliileta Mwenyekiti wa kamati mwenyewe, binti wa fundi viatu, wa miaka kumi na saba, aliyekuwa na tabia ya kupumua kwanza ndipo aseme. Kocha alikuwa amepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, na mteja mwenye haraka amemsimamia akingojea nondo za dirisha.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, mwanangu."

Neno hilo, mwanangu, alilisikia mwenyewe mara tu lilipotoka. Binti akampa bahasha kwa mikono miwili, kisha akafungua daftari. "Naomba utie sahihi kwamba umepokea. Ulitufundisha kila barua itiwe sahihi."

"Umepata zabuni, fundi?" akauliza mteja, akichungulia.

"Mambo ya klabu tu," akasema Kocha, na akatia sahihi kwa vidole vilivyojaa masizi hata herufi hazikuonekana.

Mwenyekiti hakuondoka. Alipumua. "Kocha, hatuwezi kukulazimisha. Lakini usipokuja Jumamosi, tumekubaliana tupake rangi mlangoni. Hatuwezi kuyaacha yale maneno pale. Na mama wa duka la dawa amesema yakifutwa, atamrudishia mwenye ghala ufunguo. Na sisi tutakuwa hatuna mahali."

"Wazazi wanasemaje?"

"Tisa wamewazuia watoto wao. Wengine wanasubiri waone." Akavuta pumzi tena. "Mimi baba yangu hajaninyanyulia mkono tangu ule mkutano wa kwanza. Alikuwepo. Aliporudi nyumbani alisema, kama fundi vyuma anaweza, na mimi naweza."

Kocha alirudisha miwani usoni ingawa hakuwa na cha kuchomelea. Mteja aliyekuwa na haraka ghafla akawa hana haraka.

Jioni hiyo, jua bado lipo, alimfuata mkewe uani alikokuwa anaanua nguo.

"Nina ombi," akasema. "Ongea na Chiriku. Wewe anakusikiliza. Jumamosi aseme tu kwamba yameisha, ameshanisamehe. Wakisikia kwake watatulia. Klabu ipone. Sisemi kwa ajili yangu."

Mkewe aliendelea kukunja shati. Alilikunja, akalifunua, akalikunja upya.

"Mimi nimeshasema vya kutosha kwa niaba yako," akasema. "Mwaka juzi mwalimu wake aliniita. Alitaka kujua mkono wa mtoto umefanya nini. Nikamwambia aliteleza bafuni. Nilisema nikicheka. Nikatia na chumvi, nikamwambia huyu mtoto hakui, mpaka leo anakimbia kwenye maji. Mwalimu akacheka pia. Na Chiriku amesimama pale pale, pembeni yangu, ananitazama mdomo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba nimekufichia?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kazini wanaletwa wanawake na watoto waliopigwa, kila wiki. Wenzangu wanasema, jamani, hivi ndugu zao hawaoni? Mimi nanyamaza na shuka zangu. Naona aibu mpaka naona aibu kuona aibu. Usinitume tena, baba Chiriku. Nimechoka kutumwa."

Alichukua beseni la nguo akaingia ndani. Kocha alibaki uani peke yake na kamba tupu. Alijua kwamba akienda atafedheheka mbele ya watu wanaomheshimu, na asipoenda ataipoteza klabu, jambo jema pekee alilowahi kulianzisha. Hakuna mahali katika hesabu yake alipomweka Chiriku. Alikuja kuligundua hilo baadaye, siku tatu baadaye, na alitamani asingeligundua mbele ya watu.

Alikwenda. Tumpe haki yake, alikwenda, amevaa shati lililopigwa pasi.

Ghala lilijaa kuliko siku ya mkutano wa kwanza. Wazazi walisimama nyuma, pamoja na dada yake, aliyesema amekuja kushuhudia maangamizi kwa macho yake. Mkewe aliingia mwisho, na sare ya kazini. Kamati, vijana watano, waliketi nyuma ya meza ya tenisi. Kocha akaelekezwa kwenye benchi la mbele. Alilipima mwenyewe lile benchi, kwa miguu ya watoto, na sasa magoti yalimfika kifuani.

"Tunaanza na aliyepigwa," akasema Mwenyekiti.

Chiriku akasimama. Akatazama huku na huku, kisha akacheka, kicheko chepesi cha kupendeza.

"Jamani, kumbe mlidhani ni kweli?" akasema. "Lile lilikuwa igizo. Mimi na baba tulipanga. Tulitaka muone inavyokuwa mtu mkubwa akivunja sheria ya mlangoni, kama kamati itaogopa au itamwita. Hamkuogopa. Leo ndiyo sehemu ya pili."

Ukumbi ukavuma. Mtu mmoja akasema "Ahaa!" na mwingine akaanza kupiga makofi.

"Mimi nilishajua tangu mwanzo," akasema dereva mstaafu, ambaye hakuwa amejua kitu.

"Shavu lilivimba," akasema Mwenyekiti.

"Jino. Lilianza Ijumaa. Jumatatu nilienda kununua vidonge, muulize mama wa duka la dawa."

"Ni kweli," akasema mama wa duka la dawa, na nafuu ilionekana usoni kwake. "Jumatatu asubuhi alikuja. Alilalamikia jino."

Basi ikawa imekwisha. Wazazi walikuwa wameanza kusalimiana. Dada yake Kocha alikuwa anajipangusa macho kwa furaha. Na Kocha, tuseme kweli, alifurahi. Alimtazama binti yake, na binti yake akamtazama kwa tabasamu, akimsubiri aitikie kwa kichwa tu, yaishe.

Lakini tabasamu lile alilijua. Lilikuwa la mkewe, la mtu anayemweleza mwalimu kuhusu bafu lenye utelezi. Tena akakumbuka: Jumatatu. Barua ilikuja Jumatano. Kabla hajaitwa popote, kabla hajafikiria lolote zaidi ya heshima yake, mtoto alikwishaenda dukani na shavu lake, akasema uongo na kununua ushahidi wa kumwokoa. Hakutunga kwa shida. Alikuwa na uzoefu. Kocha aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona, hata ile ya jukwaani ilikuwa mchezo, akashindwa kuinua uso.

"Hatukupanga," akasema.

"Baba," akasema Chiriku kwa sauti ya chini.

"Hatukupanga kitu. Nilimpiga. Alikuwa ananiigiza mimi, na alinipatia sawasawa."

"Mungu wangu," akasema dada yake huko nyuma.

Mwenyekiti akapumua, akaandika. Mbele yake kulikuwa na fomu ya maswali matatu aliyoitunga Kocha mwenyewe, aliyoyatoa kwenye semina ya siku mbili. Kila kijana aliyepigana humo alishawahi kuijaza.

"Swali la pili," akasoma. "Ni mara ya ngapi?"

Wenzake wote waliopita pale walijibu ya kwanza, au ya pili. Nafasi iliyoachwa ilitosha neno moja.

"Sijui," akasema Kocha.

"Jaribu, Kocha. Tutangoja."

Walingoja kweli. Hata watoto wadogo hawakuchezea mpira.

"Alipovunja glasi ya wageni," akaanza Kocha. "Alikuwa na miaka mitano, nadhani. Alipojibu kabla sijamaliza kusema. Alipopoteza fedha ya mkate. Ule mkono wake, hakuteleza bafuni, nilimvuta. Alipopata alama mbaya za hesabu. Aliponitazama tu, nikaona ananitazama vibaya." Alisema mengine pia, sauti ikizidi kushuka, na kalamu ya Mwenyekiti ilijaza nafasi ya jibu, ikateremka pembeni, ikaingia kwenye nafasi ya swali la tatu.

Mkewe alitoka nyuma. Alipita katikati ya watu, akaja akaketi kwenye benchi karibu na mumewe.

"Mama, wewe hujaitwa," akasema Mwenyekiti kwa heshima.

"Najua, mwanangu. Lakini nilikuwepo."

Hakuna aliyemwondoa. Kocha alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti.

"Ni hizo," akasema. "Nimezisema zote."

Mwenyekiti akashusha kalamu ili aweke nukta. Chiriku bado alikuwa amesimama pale aliposimama tangu mwanzo, tabasamu limeshamtoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtoto.

"Umeruka ya siku ya mvua," akasema.

"Ipi?"

"Tulipojificha kibandani. Mimi na wewe tu."

Kocha alimtazama. Alitafuta ile mvua, akatafuta kibanda, akapekua miaka yote aliyokuwa nayo kichwani. Hakupata kitu. Mwenzake alikuwa ameibeba siku hiyo mpaka leo, yeye hata hakuwa ameiokota.

"Siikumbuki, mama," akasema. "Wallahi siikumbuki."

"Mimi naikumbuka," akasema Chiriku.

Mwenyekiti akaomba karatasi nyingine.